Mzani wa Jumatatu na Sahani ya Panait

Mbele ya mlango wa lile jengo la ghorofa nne kule Brăila, mitaa michache kutoka bandarini, kuna benchi lililopakwa rangi ya kijani mara nyingi kuliko lilivyowahi kuoshwa. Limewekwa chini ya mforsadi, na mwezi wa Juni ukikaa bila kutazama unaondoka na ramani ya zambarau makalioni. Hapo ndipo wazee watatu wanapokata kesi za dunia kila asubuhi. Kahawa hupikwa na Foleni kwake ghorofa ya chini na kutolewa nje kwenye chupa ya chai, sukari huletwa na Dokta, na vikombe ni vya Winchi, ambaye peke yake huchukua nusu ya benchi. Zamani walikuwa watano. Mmoja alichukuliwa na mwanawe kwenda Hispania, siku hizi anatuma picha akiwa amevaa kaptura. Wa tano, Panait, alizikwa wiki ya Pasaka.

Winchi jina lake la ubatizo ni Gelu. La benchini alipewa kwa sababu aliendesha winchi bandarini mpaka akastaafu, na tangu astaafu akaanza kufanana nayo, hasa upande wa chini. Alhamisi moja alishuka ngazi kwa ubavu, kama kaa, mkono mmoja ukutani, goti la kulia likilia kama mlango wa ghala. Alipokaa, benchi likashuka upande wake na wenzake wawili wakainuka kidogo.

— Jumatatu, alisema akihema. Jumatatu napimwa.

— Akili? akauliza Foleni.

— Uzito, we bwana! Hospitali. Daktari wa mifupa kasema nikiwa chini ya kilo mia ananipasua, ananitia goti jipya. Nikizidi, hanigusi. Eti goti jipya chini ya mwili huu ni sawa na tairi la baiskeli kwenye lori.

— Na asipokugusa?

Winchi akatazama juu, kwenye dirisha lake la ghorofa ya nne, ambako pazia lilikuwa limetoka nje kama ulimi wa mbwa.

— Corina anakuja Agosti na gari. Ananihamishia Turin. Anasema baba hawezi kukaa ghorofa ya nne bila lifti na goti moja. Chumba kashaniandalia. Kina kiyoyozi.

Foleni akamimina kahawa bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni sawa na bendera nusu mlingoti. Hakuna aliyetaka kuletewa picha ya Winchi ndani ya kaptura.

— Sasa hivi una ngapi? akauliza Dokta.

— Mia na sita.

— Si ulisema unakula nusu?

— Nakula nusu! Ndiyo inayoniumiza kichwa. Nilipoanza, kilo zilikuwa zinadondoka kama forsadi hizi. Mkanda nikautoboa tundu mbili. Halafu Pasaka ikafika, mzani ukaganda. Nakula nusu ileile, nina njaa ileile, mzani kimya. Asubuhi yai na nyanya. Mchana supu, haina mkate. Jioni maziwa ya mgando. Mkate nimeusahau hata sura. Nikifika karibu na duka la mkate navuka barabara, kama mtu aliyekutana na mtalaka wake.

— Gongo ya plamu?

— Ya kusugulia goti tu.

— Kwa nje?

— Kwa nje, Foleni! Mungu ananiona.

Dokta akaweka kikombe chini na kurekebisha miwani. Jina lake ni Lascar, na udaktari alisomea kwenye usukani: aliendesha gari la wagonjwa maisha yake yote ya kazi, na anaamini kwamba maarifa yalimwingia kupitia kidirisha cha nyuma.

— Tatizo lako linajulikana kitaalamu, alisema. Tumboni mna jiko. Ukilitia kuni nyingi, linawaka. Ukilitia nusu, linajipunguza lenyewe. Mwili si mjinga. Nilielezwa na profesa mmoja niliyekuwa nimembeba.

— Akiwa mgonjwa?

— Alikuwa amezimia. Ila kabla ya kuzimia alieleza. Mzee akipunguza chakula, mwili nao unapunguza matumizi. Unazima taa, unafunga vyumba. Ndiyo maana wahenga wakasema haba na haba hujaza kibaba. Wewe unakula haba! Ungekula nyingi, kibaba kingemwagika, ungekonda.

Winchi akakuna kisogo.

— Kwa hiyo nile zaidi ndiyo nikonde?

— Sijasema hivyo.

— Umesema sasa hivi.

— Nimesema kitaalamu. Usichanganye.

— Jiko, jiko! akadakia Foleni. Jiko gani hilo? Mwili wa mtu wa rika letu si jiko. Ni raia.

Foleni ni Ilarie, na jina alilipata miaka ile ya dhiki, alipokuwa bingwa wa kusimama mbele ya maduka. Akiona watu watatu wamesimama kwa mpangilio mpaka leo anajiunga kwanza, halafu ndiyo anauliza kunauzwa nini.

— Mnakumbuka wakubwa wa serikali walivyotutangazia kwamba tunakula mno? aliendelea. Wakapanga kabisa, mtu wa kazi hii apate kiasi hiki, wa kazi ile kiasi kile, na kila ukienda dukani unakuta siki na kopo za mbaazi. Mimi nilikuwa nasimama alfajiri, theluji hii hapa. Sasa nani alisimama na mimi? Mwili wangu! Na wako, Winchi. Uliona yote. Leo daktari anakuja na koti jeupe anakwambia "punguza". Mwili ukilisikia hilo neno unajua moja kwa moja: hii ni siasa. Unaanza kuficha. Unaficha mafuta kama mama yangu alivyoficha nguruwe mzima chini ya kitanda. Ukiuliza, jibu ni moja: hakuna.

— Yaani tumbo langu ni la magendo?

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema Foleni, akilipapasa tumbo la mwenzake juu ya shati kana kwamba ndani yake mna ushahidi.

— Mbona Corina naye alipunguza kula, akakonda mara moja?

— Amezaliwa lini? Baada ya foleni! Mwili wake unaiamini serikali.

Winchi akacheka, lakini cheko lake halikufika mbali. Hawa watu wanatania, na yeye Jumatatu anapanda mzani. Tena kuna jambo lililokuwa likimsumbua ambalo hakuwa amewaambia.

— Ngojeni niwaulize kitu, na msinicheke. Mimi napona au napukutika? Kwa sababu presha imeshuka, yule nesi kapima mara mbili, hakuamini. Sukari imeshuka. Usingizi ninalala kama mtoto, hata jirani kasema siku hizi sikoromi. Hayo mazuri. Lakini mikono baridi, na huu ni Juni! Na mapaja, tazama, suruali inapepea. Tumbo liko palepale, mapaja yanaondoka. Daktari alisema punguza tumbo, mwili ukasikia punguza miguu. Sasa yupi ananidanganya?

— Na daktari mwenyewe anasemaje?

— Anasema kwa umri wetu, ukikata chakula tupu, nyama inatangulia kuondoka, mafuta yanafuata yakitaka. Kasema nile mayai, nile samaki, na ninyanyue vitu. Kwa hiyo nanyanyua lile gudulia la matango ya siki. Mkono wa kulia, wa kushoto.

— Unalinyanyua halafu?

— Nalirudisha.

— Bila kulifungua?

— Bila kulifungua, Foleni.

— Toba! Bwana huyu kafika mbali.

Dokta alikuwa ameinama, akifikiri kwa sauti kama anavyofanya mtu anayetaka kuulizwa. Hakuulizwa, akasema mwenyewe.

— Wewe si mtu wa winchi? Winchi nyuma inabeba nini? Chuma cha kusawazisha. Ukikitoa?

— Inaanguka kifudifudi, akasema Winchi, na papo hapo akajuta kujua.

— Basi! Ndiyo maana wazee waliokonda huanguka. Mafuta yako ndiyo chuma chako. Mimi niliwabeba wengi, na wote walikuwa wamelala chini.

— Wewe ulikuwa unaendesha gari la wagonjwa! Ulitaka wawe wamesimama?

— Na huo mzani wako uko wapi? akaingilia Foleni, aliyekuwa amepata wazo jipya na hakutaka lipoe. Nyumbani? Ghorofa ya nne? Umekwisha, ndugu yangu. Huko juu ardhi haikuvuti sawasawa, unapima mwepesi. Mzani wa hospitali najua ulipo, uko chini kabisa, karibu na chumba cha kufulia. Pale utavutwa mpaka ukome. Hizo mia na sita zako hesabu mia na kumi.

Winchi alijua ni upuuzi, lakini alikuwa na njaa, na upuuzi ukiingia kwenye tumbo tupu hukuta nafasi.

Wakati huo mlango wa jengo ukafunguka, akatoka mwanamke mwenye taa ya mezani kwapani na rola za nywele kichwani. Alikuwa amehamia ghorofa ya pili siku ileile, na lori lenye makochi yake lilikuwa limepotea mjini. Akaomba kukaa. Akasema anaitwa Ildiko, Mhungaria, katoka kule milimani. Winchi akasogea kadiri ya uwezo wake, yaani kidogo, na Foleni akampa kahawa.

Alipokuwa anapuliza kikombe, akaja Bi Saveta.

Bi Saveta ni mjane wa Panait. Ni mwanamke mdogo, mkavu, mwenye kitambaa cheusi kichwani, na alikuwa ameshika sahani iliyofunikwa kwa taulo safi ya jikoni. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Winchi.

— Pokea, Gelu ndugu yangu. Iwe kwa roho ya Panait.

Winchi akainuka nusu, goti likaalika, akaipokea kwa mikono miwili kama inavyopaswa.

— Mungu ampokee, shemeji.

Akaketi, akafunua. Sarmale mbili, zile kabichi zilizoviringishwa nyama ya nguruwe na wali, zinang'aa kwa mafuta. Pembeni ugali wa njano na kijiko kizuri cha krimu. Akachukua uma. Dokta na Foleni wakaendelea na mazungumzo yao ya mzani na ardhi, hata hawakugeuka. Aliyegeuka ni mgeni.

— Samahani, baba, akasema Ildiko. Nikiwa dirishani kwangu nilikusikia ukisema yai, supu na maziwa ya mgando.

— Ndiyo, binti. Hayo tu.

— Na hii?

— Hii haihesabiki.

— Kivipi?

— Si yake! wakasema Dokta na Foleni kwa pamoja, na Dokta akafafanua kwa subira, kama anayemwelekeza dereva mgeni: Hiyo ni ya Panait. Panait kafariki. Gelu anakula, Panait anapata. Yeye ni njia tu.

— Kitaalamu, akaongeza Foleni.

— Kwetu wafu hawali, akasema Ildiko. Wamepumzika.

— Maskini! Foleni alisikitika kwa dhati. Bila chochote? Hata supu?

Ildiko akaitazama sahani, akalitazama tumbo, akaitazama tena sahani.

— Na inaletwa kila siku?

— Kila siku ya Mungu, akasema Winchi kwa fahari kidogo. Bi Saveta hajaruka hata moja.

— Tangu lini?

— Tangu tumzike. Wiki ya Pasaka.

— Na mzani uliganda lini?

— Pasaka.

Macho ya Foleni yakafunguka. Akajipiga paja.

— Huzuni! alipaza sauti. Ni huzuni hiyo! Mwili umeomboleza, ukaganda! Mbona hatukuliona?

— Inawezekana kabisa, akasema Dokta. Huzuni ina uzito.

Lakini uma wa Winchi ulikuwa umesimama hewani. Kuna kitu kilikuwa kinamjia kichwani taratibu, kama meli inayoingia bandarini wakati wa ukungu: unaisikia kwanza, huioni. Kama sahani hii ni ya Panait, basi yeye ana Panait kilo sita. Na kama ni yake mwenyewe...

— Shemeji, alisema kwa sauti ndogo. Arobaini si ilishapita?

— Ilipita, akajibu Bi Saveta. Hata padri aliniambia, Saveta, sasa inatosha, fanya za Jumamosi za wafu kama wenzako.

— Na kwa nini... namaanisha, Dokta naye yupo. Foleni yupo.

Bi Saveta akawatazama hao wawili, Dokta mwembamba kama ufagio na Foleni ambaye nguo humning'inia kama yupo kwenye kamba, na akatikisa kichwa.

— Hawa? Kitapotea njiani. Panait alikuwa na umbo lako, Gelu. Shati lake nililokupa si lilikuenea mpaka vifungo? Basi na chakula kinajua njia. Nakuona unavyopungua, nalala nawaza. Ukikonda wewe, Panait atakulia wapi?

Benchi likaona hoja hiyo haina tobo. Foleni alitikisa kichwa kukubali. Dokta alitikisa kichwa. Winchi naye, Mungu amsamehe, alijikuta anatikisa chake. Upande mmoja Turin yenye kiyoyozi, upande mwingine rafiki yake anayemngoja huko aliko na sahani tupu, na katikati yeye, na uma.

— Mama, akasema Ildiko taratibu, yeye Panait alikufa kwa nini?

— Moyo, akasema Dokta.

— Mafuta, akasema Foleni. Alikuwa mzito huyo! Kwake Winchi ni mtoto.

— Lakini alikuwa kapungua sana, bwana, akapinga Dokta. Si walimpimia chakula mwaka mzima?

— Basi njaa, akasema Foleni.

— Njaa gani, na moyo ulikuwa umezungukwa na mafuta!

— Wewe uliuona?

— Nauliza tu, akasema Ildiko, ambaye hakuwa anabishana na mtu. Alikufa na shibe, au alikufa na njaa?

Foleni akatafuta methali, ikaonekana anaitafuta, macho juu kwenye mforsadi, na haikuja. Forsadi moja ikadondoka kwenye kikombe chake, akaiacha humo.

Aliyesema ni Bi Saveta, na hakuwa anamjibu mtu.

— Daktari aliniambia nusu. Nikampa nusu. Mwaka mzima nilikuwa askari wa friji. Akanuna, akanitukana mama yangu, nikampa nusu. Na alikuwa anapona! Ngazi alikuwa anapanda bila kusimama. Sukari safi, kila kitu safi. Nikasema, umeona, Panait? Jumapili ya Pasaka, tumetoka kanisani, mezani nimeweka vyote, akaniomba sarmale mbili. Nikampa moja. Akasema, Saveta, ni Pasaka. Nikasema, ya pili kesho.

Akainyoosha taulo mkononi, akaikunja, akainyoosha tena.

— Kesho yake alikuwa hayupo.

Winchi aliitazama sahani kwenye mapaja yake. Siku zote zilikuwa mbili. Siku zote hizo alizipokea, akazila, akashukuru, akafuta mdomo, na hakuwahi kujiuliza kwa nini hazikuwa tatu, au moja.

Alikata ya kwanza kwa ubavu wa uma, akaila. Hakuila haraka kama alivyozoea, akiiba dakika kwenye siku yake ya yai na supu. Aliila polepole, na kipande cha ugali, na krimu kidogo, akitafuna kila kipande mpaka mwisho, na Bi Saveta alikuwa amesimama mbele yake akiufuata uma kwa macho, ukipanda, ukishuka. Alipomaliza, uma ukabaki hewani juu ya ile ya pili. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Ilikuwa kubwa zaidi, na ilikuwa imekaa kwenye mchuzi.

Winchi akaulaza uma pembeni ya sahani.

— Ameshiba, alisema.

Bi Saveta hakuelewa mara moja.

— Nani?

— Panait. Ameshiba, shemeji. Moja imemtosha.

— Imemtosha?

— Imemtosha kabisa.

Bi Saveta akamtazama usoni muda mrefu, akitafuta mzaha, kwa sababu hapo benchini ndipo unapopatikana. Hakuuona. Akainama, akaifunika sahani kwa taulo, akaichukua.

Ndipo tumbo la Winchi, tumbo la yai na supu na nusu ya kila kitu, likanguruma. Halikunguruma kwa adabu. Lilinguruma kwa kirefu, kama mnyororo wa nanga unaoshushwa, na likasikika mpaka mlangoni.

Foleni akakohoa. Dokta naye akakohoa, kwa nguvu zaidi, akijipiga kifua. Na yule mgeni, kikombe mdomoni, akakohoa pamoja nao mpaka Bi Saveta akaingia ndani na mlango ukafungwa.